Mng'ao Unaopimwa kwa Magome

Magome ya mkwinini hayavuliwi kwa kisu peke yake. Mti ukishakatwa, au kung'olewa pamoja na mizizi, shina hupigwapigwa kwanza kwa rungu la mti, taratibu, pande zote, mpaka gome liachane na mbao iliyo ndani. Ndipo kisu huingia na kulivua vipande virefu. Kazi hii haingoji kesho: gome likianza kukauka lingali mtini hushikamana, na atakayelibandua baadaye ataambulia makombo. La mizizi huwekwa peke yake, la shina peke yake, la matawi peke yake, kwa kuwa kiasi cha dawa kilichomo hakilingani. Halafu huanikwa na kugeuzwageuzwa hadi likunjike lenyewe na kukatika kwa mlio mkavu.

Ukiwa Kamembe, hapa Rwanda, vilima vilivyolea miti hii viko mbele ya macho yako, ng'ambo ya mto Rusizi, upande wa Bukavu. Nauandika ufundi huo leo kwa sababu ya jambo ambalo nadhani wengi wetu wa Cyangugu hatujapata kuambiwa. Dawa itokayo kwenye magome hayo ndiyo kipimo kinachotumika katika maabara za dunia nzima kukagua ufundi mwingine, mpya kabisa: kutengeneza chembe ndogo mno za kaboni kutoka kwenye majani, maganda na juisi za mimea. Chembe hizo hung'aa zikimulikwa, na watafiti wanataka zioneshe uvimbe ulipo ndani ya mwili, tena zibebe dawa na kuifikisha hapo hapo.

Tuanze na magome. Mkwinini asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini. Mwaka 1865 mbegu za aina yenye dawa nyingi kuliko zote zilifika Ulaya kupitia mfanyabiashara Mwingereza, Charles Ledger. Aliyezitafuta na kuzikusanya porini Bolivia ni mtumishi wake, Manuel Incra Mamani, ambaye baadaye alikamatwa na kupigwa kwa kosa la kuzitoa nchini, na akafa kwa mateso hayo. Waholanzi walizinunua, wakazipanda Java, na mti ukapewa jina la Ledger. La Mamani halimo. Kwa haki, kila anayesifu ufundi wa kwinini angeanza kwa jina lake.

Mti huo wa Ledger una gome tajiri lakini mizizi yake ni dhaifu. Kwa hiyo wakulima hodari huunganisha miti miwili: chini huweka ndugu yake mwenye gome jekundu na mizizi migumu, juu wakapandikiza kikonyo cha Ledger. Kisha husubiri. Miaka minane, kumi, hata kumi na miwili hupita kabla ya rungu kugusa shina. Huku Kivu, udongo wa volkano, mvua za mara kwa mara na mwinuko wa zaidi ya mita 1,460, ambao ndio usawa wa maji ya ziwa Kivu, viliufaa mti huu. Wabelgiji waliupanda hapo na kuuchunguza katika kituo chao cha utafiti wa kilimo cha Mulungu, si mbali na Bukavu. Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942, dunia iliyokuwa vitani ikakosa kwinini, na mashamba ya Kongo yakageuka tegemeo.

Kiwanda kilichoendeleza kazi hiyo Bukavu kinaitwa Pharmakina. Kwa muda mrefu kilikuwa mali ya kampuni ya Kijerumani ya Boehringer Mannheim, na mwaka 1999, katikati ya vita, wenye mali walipotaka kuondoka, mameneja wake wawili walikinunua badala ya kukiacha kife. Mwaka 2005 kikaanza pia kutengeneza dawa za kupunguza makali ya UKIMWI. Nalitaja hili kwa sababu ufundi wa aina hii hauishi vitabuni tu. Unaishi kwa watu wanaokubali kubaki mahali pagumu.

Ndani ya kiwanda, gome husagwa unga, unga huchanganywa na chokaa. Chokaa huifungua dawa kutoka kwenye asidi za gome zilizoishikilia. Kimiminika cha moto chenye asili ya mafuta hupitishwa humo na kuichukua dawa. Kisha maji yenye asidi ya sulfuriki huinyang'anya dawa hiyo kutoka kwenye mafuta. Asidi ikipunguzwa makali na maji yakiachwa yapoe, kwinini salfeti hutangulia kujitenga, ikaota fuwele nyeupe nyembamba kama sindano. Ndugu zake watatu, kwinidini, sinkonini na sinkonidini, hubaki majini. Fuwele huyeyushwa tena na kuachwa ziote tena, na kila mara huwa safi zaidi. Wafaransa Pelletier na Caventou walipoitenga kwinini kwa mara ya kwanza mwaka 1820, walichoupa ulimwengu si dawa mpya, kwani magome yalikuwa yakitibu homa kwa karne mbili. Waliupa uhakika wa kipimo: kiasi hiki, si zaidi, si pungufu. Kwa dawa ambayo ikizidi huleta kizunguzungu, mlio masikioni na ukungu machoni, uhakika huo ni uhai.

Sasa chukua fuwele chache za kwinini salfeti, uziyeyushe katika maji yenye asidi kidogo ya sulfuriki. Maji yatabaki meupe kabisa, kama hayana kitu. Yapeleke juani, uyatazame kwa ubavu: chini tu ya uso wa maji utaona utando wa buluu ya mbingu. John Herschel, mwanasayansi Mwingereza, aliuona na kuuandika mwaka 1845. Mwaka 1852 George Gabriel Stokes alieleza chanzo chake: maji hayo humeza miale ya urujuanimno, ambayo macho yetu hayaioni, na kuirudisha ikiwa mwanga wa buluu tunaouona. Sayansi ya mng'ao wa namna hii imetokana kwa sehemu kubwa na tone hilo la maji ya magome.

Unaweza kulijaribu mwenyewe pale mjini bila maabara. Kinywaji cha tonic kina kwinini, ndiyo maana ni kichungu. Wabadilisha fedha wa mpakani wana taa ya zambarau ya kukagulia dola. Mimina tonic kwenye glasi, zima taa ya chumba, uiweke glasi chini ya taa hiyo ya noti: kinywaji chote kitawaka buluu. Kisha tia kijiko cha chumvi ya mezani, ukoroge. Mng'ao utafifia machoni pako. Hakuna kilichoungua wala kuharibika. Kloridi iliyomo kwenye chumvi huipokonya kwinini nguvu kabla haijaitoa kama mwanga. Ndiyo sababu maabarani kwinini huyeyushwa kwa asidi ya sulfuriki na kamwe si kwa asidi ya hidrokloriki. Nimelipenda sana jambo hili, kwa kuwa linafundisha somo la kwanza la ufundi wote ninaouzungumzia: mwanga ni mwepesi wa kudanganya, na kidogo tu cha kitu kisichostahili kuwemo hubadili kila kitu.

Vita vile vya Java vilizaa jambo jingine. Huko New York, katika hospitali ya Goldwater, Bernard Brodie na Sidney Udenfriend walipewa kazi ya kupima ni kiasi gani cha dawa za malaria zilizobuniwa kushika nafasi ya kwinini kinabaki kwenye damu ya mgonjwa. Dawa hizo nazo zinang'aa, wakazipima kwa mng'ao wake. Kutokana na kazi hiyo, mwenzao Robert Bowman akabuni katika miaka ya 1950 mashine ya kupima mng'ao wa rangi yoyote ile. Mashine za leo zinazokagua chembe za kaboni ni wajukuu wa mashine ya Bowman.

Kwinini salfeti yenyewe ikawa rula. Kati ya kila fotoni (chembe za mwanga) 100 inazomeza ndani ya asidi, zipatazo 54 huzirudisha kama mwanga. Idadi hiyo imepimwa na kupimwa tena. Shirika la viwango la Marekani huuza kwinini salfeti kama kielelezo rasmi. Si kwa sababu ndiyo inayong'aa kuliko vyote. Imechaguliwa kwa sababu ni safi, ni tulivu, ni rahisi kupatikana, na anayeiyeyusha Kigali atapata sawa na anayeiyeyusha Tokyo. Fungua ripoti yoyote ya chembe za kaboni za buluu na karibu kila mara utaikuta sentensi ile ile, imebanwa kwenye maelezo ya mbinu: kielelezo, kwinini salfeti, 0.54.

Chembe za kaboni zenyewe ziligunduliwa bila kutafutwa. Mwaka 2004, Xiaoyou Xu na wenzake wa Chuo Kikuu cha South Carolina walikuwa wakisafisha mirija midogo ya kaboni kwa kutenganisha vitu kwa umeme, wakaona sehemu ya taka inang'aa. Hawakuitupa. Walipoipima, ilirudisha fotoni chini ya mbili kwa kila 100. Miaka miwili baadaye kundi la Ya-Ping Sun, Chuo cha Clemson, likatengeneza chembe hizo kwa makusudi, kwa kupiga kaboni kwa leza, na kuziita nukta za kaboni. Kila moja ina upana usiozidi nanomita 10. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 na zaidi; nukta mia saba na zaidi zingepangwa mstari mmoja juu yake.

Kwa nini zikapendwa? Kulikuwa tayari na nukta nyingine zinazong'aa, zile zilizowapa Bawendi, Brus na Ekimov tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023. Nyingi kati yake hutengenezwa kwa kadmiamu, metali yenye sumu, na daktari hawezi kumchoma mgonjwa kadmiamu kwa moyo mweupe. Kaboni ni jambo jingine. Na mwaka 2012 Swagatika Sahu na wenzake nchini India walionesha kwamba huhitaji leza wala kemikali kali: walichukua juisi ya machungwa, wakaipasha katika chombo kilichofungwa kwa nyuzijoto 120 kwa saa mbili na nusu, wakapata nukta zinazorudisha fotoni 26 kwa kila 100. Tangu hapo mlango uko wazi. Nyasi, maganda ya balungi, majani ya giligilani, juisi ya ndizi, machicha ya kahawa. Mwaka huo huo watafiti wa Guwahati, India, walizikuta chembe za namna hiyo zimekwisha kutengenezwa jikoni bila mtu kujua: kwenye mkate, kwenye biskuti, kwenye sukari iliyoungua na kwenye sukari guru. Tumekuwa tukizila muda wote.

Utengenezaji wake, ukiutazama kwa karibu, ni kazi ya mikono yenye adabu. Majani huoshwa mara kadhaa, kwanza kwa maji ya bomba, mwisho kwa maji yaliyokenekwa, kwa sababu vumbi la barabarani nalo lina kaboni na chuma chake. Hukaushwa kivulini au kwenye oveni ya joto la chini, husagwa, huchungwa. Unga mdogo hutiwa kwenye maji yaliyokenekwa, mchanganyiko ukaingizwa ndani ya kikombe cha teflon, na kikombe ndani ya chombo kizito cha chuma chenye mfuniko wa kukaza kwa parafujo. Hakijazwi hadi juu. Robo au theluthi huachwa tupu, kwa kuwa maji yaliyofungiwa kwenye nyuzijoto 180 au 200 yana nguvu ya kupasua chuma. Kisha oveni, saa nne, saa nane, wakati mwingine usiku kucha.

Humo ndani, gizani, sukari za jani hupoteza maji yake na kuvunjika. Vipande hushikana, huunda pete za kaboni, pete hulundikana kuwa kiini. Naitrojeni iliyotoka kwenye protini za jani huingia kwenye kiini na kwenye ngozi ya nje, na mara nyingi ndiyo inayoongeza mng'ao. Ngozi hiyo hubaki na mikono ya oksijeni na naitrojeni, ambayo ndiyo huifanya chembe ipende maji, na baadaye ndiyo itakayoshika dawa. Yote haya hutokea bila fundi kuona chochote. Anachoweza ni kuchagua joto, muda na kiasi, kisha kusubiri, na oveni ikizimwa asubiri tena, kwa sababu chombo hakifunguliwi kikiwa cha moto. Anayeharakisha kukipooza kwa maji baridi huhatarisha macho yake na kuivuruga kazi.

Kikifunguliwa, harufu ni ya sukari iliyoungua. Chini kuna tope jeusi. Juu yake maji ya rangi ya chai ya rangi. Ukiyapeleka chini ya taa ya zambarau, yanawaka buluu. Hapo ndipo mwanafunzi mgeni hupiga picha na kufurahi, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, kazi huwa haijaanza.

Kwa kuwa maji hayo yana kila kitu. Yana chembe za kaboni, ndiyo, lakini yana pia molekuli ndogondogo zilizozaliwa njiani, na nyingi kati yake zinang'aa kushinda hizo chembe. Fundi wa kweli huyazungusha kwanza kwenye sentrifuji ili tope lizame, huyapitisha kwenye chujio lenye matundu ya sehemu 0.22 za elfu ya milimita, kisha huyatia kwenye mfuko mwembamba wa dayalisisi. Mfuko huo hupitisha molekuli ndogo na kuzuia zilizo kubwa. Huning'inizwa ndani ya chombo kikubwa cha maji safi, na maji hubadilishwa, baada ya saa chache yakabadilishwa tena, siku nzima, siku mbili, hadi maji ya nje yasioneshe mng'ao wowote chini ya taa. Mwisho kilichobaki mfukoni hugandishwa na kukaushwa kikiwa barafu, kikawa unga mwepesi wa kahawia. Kutoka gramu nyingi za majani hupatikana ncha ya kijiko.

Na kuna jambo linalowavunja moyo wengi: baada ya kuosha hivyo, mng'ao mara nyingi hupungua. Gary Baker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Missouri waliandika mwaka 2018 jinsi uchafu unaong'aa ulivyoingia katika matokeo mengi yaliyochapishwa, kwa kuwa watu hawakuosha vya kutosha. Lakini mfano ninaousifu zaidi ni wa kundi la Bai Yang, Chuo Kikuu cha Jilin, China. Mwaka 2013 walitangaza nukta zilizotokana na asidi ya ndimu zenye mng'ao wa kama 80 kwa 100, ushindi ambao kila mtu aliunakili. Hawakuketi juu ya sifa hiyo. Mwaka 2015 walirudi kwenye chombo chao wenyewe, wakatenganisha vilivyomo, wakaonesha kwamba sehemu kubwa ya mwanga ule ilitoka kwenye molekuli moja ndogo, wala si kwenye kiini cha kaboni. Wakaichapisha habari hiyo kwa majina yao. Ufundi hukua kwa watu wa namna hiyo.

Kupima kunataka subira nyingine. Maji ya nukta huzimuliwa hadi yameze mwanga kidogo sana, chini ya sehemu 0.1 kwenye kipimo cha mashine, kwa sababu yakiwa mazito chembe za mbele huzinyima mwanga zilizo nyuma na mng'ao wa zile za ndani humezwa na nyingine kabla haujatoka. Kwinini huzimuliwa vivyo hivyo, kwenye asidi yake. Vichupa vya pembe nne hupangwa: kwinini nyepesi, nyepesi zaidi, nyepesi kabisa, nukta nyepesi, nyepesi zaidi, nyepesi kabisa. Kila kimoja hupimwa kinavyomeza na kinavyorudisha. Mistari miwili huchorwa, na mwinamo wa mmoja hulinganishwa na wa mwingine. Hapo ndipo machicha ya kahawa hupata 3.8, maganda ya balungi 6.9. Si namba za kujivunia mbele ya 54 ya kwinini. Lakini ni namba za kweli, na mtu mwingine akiyachukua machicha yake anaweza kuzisahihisha.

Zinafaa nini kwa mgonjwa? Mwaka 2009 kundi la Clemson lilizidunga nukta za kaboni kwenye panya, likauona mng'ao ukipita chini ya ngozi na kuishia kwenye mkojo. Kutoka mwilini ni sharti. Utafiti wa mwaka 2007 uliofanywa kwa nukta za aina nyingine ulionesha kwamba figo hupitisha chembe zisizozidi kama nanomita 5.5; zilizo kubwa zaidi hubaki kwenye ini na wengu. Kwa hiyo yule fundi aliyechagua saa nane badala ya nne alikuwa, bila kutamka, akiamua chembe zitoke na mkojo au zibaki.

Kuhusu kubeba dawa, hiyo ndiyo kazi ya ile mikono ya ngozi ya nje. Doksorubisini, dawa kali ya saratani ambayo huumiza moyo inapozunguka mwili mzima, inaweza kushikizwa hapo kwa kiungo kinachostahimili damu, ambayo pH yake (kipimo kinachoshuka kadiri uchachu unavyozidi) ni 7.4, lakini kinacholegea penye uchachu zaidi. Ndani ya uvimbe pH hushuka, na ndani ya vifuko vya usagaji vya seli hushuka hadi karibu 5. Dawa huachiliwa pale. Mkono mwingine unaweza kushika asidi ya foliki, kwa kuwa seli za saratani kadhaa huitamani na huweka milango mingi ya kuipokea. Chembe moja basi hubeba taa, mzigo na anwani. Kufikia sasa kazi ya chembe zitokanazo na mimea iko kwenye seli za maabara, panya na samaki wadogo. Mgonjwa wa Mibilizi au Gihundwe anayehitaji tiba ya saratani bado atasafiri hadi Kigali, au hadi Butaro, pembe ya pili ya nchi, ambako kituo cha saratani kilifunguliwa mwaka 2012. Nalisema hili waziwazi kwa sababu nimesoma vichwa vya habari vinavyozungumza kana kwamba chembe hizi ziko tayari duka la dawa. Haziko, na anayezipenda hapaswi kuzisemea uongo.

Vilevile, kutoka kwenye mmea si hati ya usalama. Kwinini imetoka kwenye mmea, na ikizidishwa hudhuru. Kila nukta mpya hupaswa kuwekwa pamoja na seli hai kwa kiasi kinachopandishwa hatua kwa hatua, kuona ni wapi seli zinaanza kufa. Wachina wamefungua njia ya kuvutia hapa: tiba yao ya jadi ina dawa za mitishamba zilizochomwa kuwa mkaa ili kuzuia damu kutoka, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Tiba ya Kichina cha Beijing walipozichemsha na kuziosha walikuta nukta za kaboni ndani yake, wakazijaribu kwa panya na kuona damu ikiganda mapema zaidi. Ujuzi wa mababu ukapata maelezo, lakini baada ya kuoshwa na kupimwa kama kitu kingine chochote.

Wilaya yetu ya Rusizi haina upungufu wa majani. Chai ya Shagasha, kahawa ya mwambao wa ziwa, makapi ya mpunga wa Bugarama, achilia mbali vichaka vya dawa vinavyozunguka nyumba. Kimoja cha vichaka hivyo, umuravumba, kilishafanyiwa kazi ya namna hii nchini mwetu. Katika miaka ya 1980, kwenye kituo cha Curphametra kule Butare, Luc Van Puyvelde na wenzake waliyachukua majani yake, ambayo kila bibi wa Rwanda anayajua kwa kikohozi na homa, wakayatenganisha hatua kwa hatua hadi kufikia molekuli moja safi yenye uwezo wa kuua vijidudu. Hawakuwa wakitafuta kaboni inayong'aa. Lakini kazi yao na ya kiwanda cha ng'ambo ya mto ni ya ukoo mmoja: jani au gome likaingia, vitu mia vikatenganishwa, kimoja kikabaki kwenye chupa kikiwa na jina na uzito. Kwa mtu wa hapa anayetaka kuingia kwenye ufundi wa nukta, naona huo ndio uzoefu wa kuurithi. Sina hamu na ripoti nyingine itakayobadilisha jani tu, leo mchicha, kesho muhogo, na kuishia kwenye picha ya chupa inayowaka. Majani ni mengi kuliko ripoti zinazohitajika. Mikono inayojua kuosha ni michache.

Kuna kazi moja ambayo mikono hiyo inaitwa sasa. Mwanga wa buluu haupenyi mwilini. Damu na ngozi huumeza kabla haujafika mbali. Daktari anahitaji mwanga mwekundu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 650 na kuendelea, na hapo kwinini haiwezi tena kuwa rula, kwani eneo lake ni la buluu. Hutumika rangi nyingine za kielelezo. Majani mabichi yakipikwa kwa kileo badala ya maji mara nyingi hutoa nukta zenye mng'ao mwekundu karibu na nanomita 670, na ripoti nyingi zimefurahia. Shida ni kwamba klorofili, kijani chenyewe cha jani, nayo hung'aa pale pale. Je, ni nukta au ni mabaki ya klorofili iliyojificha kati yake? Mfuko wa dayalisisi ukiwa ndani ya maji matupu hauwezi kutoa jibu, kwa sababu klorofili haipendi maji na haitoki. Inabidi mchanganyiko upitishwe kwenye mrija mrefu uliojazwa unga wa silika, kileo kikidondoka polepole, kila rangi ikishuka kwa mwendo wake, na kila tone likusanywe kwenye kichupa chake na kupimwa peke yake, kama vile magome ya mizizi, ya shina na ya matawi yanavyowekwa mbalimbali.